Kuzalisha malkia wanaostahimili utitiri wa varoa: mchague mama kabla hujashika kijiko

Kuhamisha majana (watoto wa nyuki walio kama funza) kutoka kwenye sega hadi kwenye vikombe vya malkia ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza. Mfugaji akishafanya mara tatu nne, vikombe vingi vinaanza kukubaliwa. Ugumu uko kwingine: kujua ni mzinga upi unastahili kutoa mama, kuhakikisha madume wanaoruka ni wa koo unazozitaka, na kuwa na subira ya miezi kabla ya kumsifu malkia mpya. Miongozo mingi ya kuzalisha malkia huanza na kijiko cha kuhamishia. Hapa tutaanza na utitiri, vidudu vidogo vinavyoishi kwa kuwanyonya nyuki, kwa sababu ukimkosea mama, ufundi wote unaofuata unazidisha kosa kwa idadi ya vikombe ulivyojaza.

Utitiri wa varoa, Varroa destructor, asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, ambako huzaliana karibu kabisa kwenye seli za madume. Alipomwingilia nyuki wetu, Apis mellifera, akapata na seli za vibarua (nyuki wafanyakazi), na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Utitiri jike huingia ndani ya seli muda mfupi kabla haijafunikwa kwa nta. Saa 60 hadi 70 baada ya kufunikwa hutaga yai la kwanza, ambalo hutoa dume, kisha hutaga yai la jike kila baada ya saa 30 hivi. Binti hupandwa na kaka yao humo humo ndani. Kibarua anapotoboa kifuniko na kutoka, binti waliokomaa hutoka naye pamoja na mama yao. Ambao hawajakomaa hufa.

Ukiuelewa mzunguko huo, utaelewa pia nyuki wanaostahimili wanafanya nini. Wengine hunusa kwamba ndani ya seli iliyofunikwa kuna tatizo, wakaifungua na kumtoa pupa (mtoto wa nyuki aliye katika hatua ya mwisho kabla ya kuwa nyuki kamili) pamoja na utitiri. Wengine hufungua kifuniko, wakakifunga tena bila kumtoa pupa, na uzazi wa utitiri ukavurugika. Wengine huwang'ata utitiri miguu wakiwa juu ya miili ya nyuki. Na kuna nyuki ambao pupa wao hukaa ndani ya seli kwa muda mfupi zaidi, kama nyuki wa savana wa Afrika Mashariki, Apis mellifera scutellata, hivyo binti wachache wa utitiri huwahi kukomaa.

Tabia hizi hurithiwa, na watu wamekuwa wakizichagua kwa makusudi kwa miongo kadhaa. Walter Rothenbuhler alichapisha mwaka 1964 kazi yake juu ya urithi wa tabia ya usafi, akiwachunguza nyuki wanaotoa majana yaliyokufa kwa ugonjwa. Marla Spivak wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliendeleza ukoo wa nyuki wasafi kuanzia miaka ya 1990. Katika maabara ya serikali ya Marekani huko Baton Rouge, Louisiana, John Harbo na Jeffrey Harris waliwachagua nyuki ambao utitiri hawazaliani kwao, na baadaye ikagundulika kwamba siri yao kubwa ni kuzifungua seli zenye utitiri na kumtoa pupa. Maabara hiyo hiyo, chini ya Thomas Rinderer, iliingiza nyuki kutoka Primorsky, mashariki ya mbali ya Urusi, mwaka 1997, kwa sababu nyuki wa huko walikuwa wameishi na varoa kwa muda mrefu.

Upande wetu hali ni tofauti, na ni ya kujivunia. Varoa alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulimkuta karibu kila sehemu ya Kenya iliyopimwa, isipokuwa kaskazini ya mbali, na bado makundi ya nyuki yalikuwa yanaishi bila dawa. Afrika Kusini alionekana mwaka 1997; wafugaji wengi hawakutumia dawa, na baada ya miaka michache nyuki wa huko wakamzoea. Brazili nako nyuki wenye damu ya Afrika wanaishi naye bila dawa, na damu hiyo imetoka kwa malkia ambao Warwick Kerr aliwapeleka mwaka 1956, wengi wao kutoka Afrika Kusini, na pia kutoka Tabora. Kwa hiyo mfugaji wa Tabora, Singida, Kitui au Baringo hana sababu ya kuagiza malkia wa bei kubwa kutoka nje. Mbegu anayo mlangoni. Anachoweza kufanya, na kwa urahisi kabisa, ni kuiharibu: akichukua mzinga mmoja mpole wenye asali nyingi, akazalisha malkia 60 kutoka humo, akawagawa kijiji kizima bila hata mara moja kuhesabu utitiri.

Kuhesabu utitiri

Kipimo cha msingi ni idadi ya utitiri kwa kila nyuki 100. Chukua nyuki wapatao 300 kutoka kwenye sega lenye majana ambayo hayajafunikwa, kwa sababu utitiri hupenda kukaa juu ya nyuki walezi. Kabla ya kukung'uta, mtafute malkia na umweke pembeni. Malkia aliyeingia kwenye chupa ya spiriti hana marejeo. Kwa nyuki wa Ulaya, nusu kikombe, yaani mililita 120 hivi, huwa na nyuki 300. Wetu ni wadogo, hivyo ujazo huo hubeba zaidi. Wahesabu mmoja mmoja mara ya kwanza, kisha weka alama kwenye chupa yako pale wanapofika 300.

Spiriti ya asilimia 70 ndiyo inayotoa hesabu ya kuaminika. Mimina hadi iwafunike nyuki, tikisa kwa dakika moja, chuja kwenye wavu wa matundu ya milimita 3 juu ya beseni jeupe, kisha rudia kuosha mara moja. Usiyependa kuwaua nyuki unaweza kutumia sukari laini ya unga, ile ya kupambia keki: vijiko viwili vya mezani ndani ya chupa yenye kifuniko cha wavu huo huo, vingirisha dakika moja, iache kivulini dakika mbili, kisha kung'uta unga wote juu ya beseni lenye maji kidogo. Sukari itayeyuka na utitiri wataonekana kama vitone vya kahawia. Njia ya sukari huwaacha baadhi ya utitiri juu ya nyuki, hasa hewa ikiwa na unyevu na sukari ikashikana mabonge. Ukiichagua, itumie kwa mizinga yote; usipime mmoja kwa sukari na mwingine kwa spiriti kisha ukalinganisha. Idadi ya utitiri gawanya kwa 3 na utapata kiwango kwa nyuki 100.

Hesabu moja haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mzinga unaweza kuwa na utitiri wachache kwa sababu nyingi zisizohusiana na urithi. Labda kundi limegawanyika wiki chache zilizopita na likakaa bila majana. Labda lilikuja manzukini (mahali mizinga inapowekwa) mwezi jana. Labda ni dogo tu na lina pupa wachache wa kuwalea utitiri. Nyuki wetu hugawanyika na kuhama mara nyingi, na kila wanapofanya hivyo mzunguko wa utitiri hukatika. Ukimchagua mama kwa hesabu ya siku moja, kuna hatari kubwa kwamba umechagua tabia ya kugawanyika, na malkia wako wote watakuja kukuhama.

Njia ya kufaa ni kupima mizinga yote ya manzuki ndani ya siku mbili au tatu, kisha kurudia baada ya wiki 8 hadi 10. Ondoa kwenye orodha mzinga wowote uliogawanyika, uliobadilisha malkia au uliokuwa na fremu chini ya tano za majana. Kwa waliobaki, tazama ongezeko. Tuseme mzinga wa kwanza umetoka 2.0 hadi 2.3, na wa pili umetoka 0.7 hadi 4.0. Wa pili ulianza vizuri zaidi, lakini ndani yake utitiri wanazaliana bila kizuizi. Mama ni wa kwanza.

Baada ya hesabu, pima usafi. Minnesota walitumia naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kali mno, kuwagandisha pupa wafe: mililita 300 zinamiminwa ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 7.5 lililokandamizwa juu ya pupa, likifunika seli 160 hivi, na kundi linahesabika safi likitoa zaidi ya asilimia 95 ya pupa waliokufa ndani ya saa 24, mara mbili mfululizo. Naitrojeni si kitu cha kubeba kwenye bodaboda kwenda porini, lakini sindano inabebeka. Chagua eneo la pupa wenye macho meupe hadi ya pinki, toboa seli 50 kwa sindano nyembamba ya kuhifadhia wadudu, moja moja, kupita kwenye kifuniko hadi kwenye mwili wa pupa. Weka alama kwa kalamu kwenye mwamba wa fremu, rudisha mzingani. Hesabu seli zilizosafishwa pale ambapo wastani wa manzuki umefika nusu hivi. Ukisubiri mpaka mizinga yote imemaliza, wote watapata alama moja na hujapima chochote. Nyuki wanaosafisha kwa kasi inafaa kuwachungulia baada ya saa 6 hadi 8. Wale wazito wape hadi 12.

Kipimo cha sindano kina upungufu wake: kinaonyesha jinsi nyuki wanavyomtambua pupa aliyejeruhiwa, na si lazima wawe hodari vile vile wa kumnusa pupa mzima mwenye utitiri. Kwa hiyo kitumie kuwatenganisha mizinga ambayo hesabu yao ya utitiri inalingana. Kisiwe na uzito kuliko hesabu yenyewe.

Asali na upole vinafuata baada ya hapo. Usimchukue mama mkali kupindukia, yule ambaye nyuki wake wanakufuata mita mia moja kutoka mzingani, maana ukali nao hurithiwa. Lakini kati ya mzinga wa ukali wa wastani wenye utitiri wachache na mzinga mpole uliojaa utitiri, mimi sisiti kuchagua wa kwanza. Mavazi ya kinga yanashonwa, ustahimilivu hauuzwi dukani.

Akina mama wangapi? Kutoka kwenye manzuki ya mizinga 30, wachukue watatu au wanne wa kuzalishia malkia, na wengine sita hadi wanane wazuri wa kutoa madume. Ukimtumia mmoja mwaka baada ya mwaka, utaanza kuona masega yenye matundu matupu katikati ya pupa. Jinsia ya nyuki huamuliwa na jeni moja yenye aina nyingi. Yai lililorutubishwa likipata aina mbili zinazofanana linakuwa dume lisilo na faida, na vibarua hulila likiwa bado jana changa. Malkia aliyepandwa na ndugu zake anaweza kupoteza hadi nusu ya majana yake kwa njia hiyo. Na usichanganye matundu hayo na kazi ya nyuki wanaotoa pupa wenye utitiri: ya udugu yanaonekana mapema, kwenye majana yasiyofunikwa, ilhali ya usafi yanatokea kati ya pupa waliokwisha kufunikwa, na mara nyingi utakuta pupa nusu walioliwa.

Madume

Msemo wa mtoto wa nyoka ni nyoka hautoshi kwa nyuki, kwa sababu baba ni wengi. Malkia mmoja hupandwa na madume wapatao 12 au zaidi, angani, mara nyingi kilomita moja hadi tatu kutoka mzingani, na anaweza kwenda mbali zaidi. Habari njema iliyopatikana kwa ukoo wa Baton Rouge ni kwamba tabia ya kuwatoa pupa wenye utitiri hujumlishika: malkia wa ukoo huo akipandwa na madume wa kawaida, vibarua wake bado hubaki na sehemu kubwa ya uwezo. Hata hivyo, mfugaji asiyejali madume anaanza upya kila kizazi.

Dume huchukua siku 24 kutoka yai hadi kutoka kwenye seli, kisha anahitaji siku 12 hivi ili akomae. Malkia, tangu siku ya kuhamishwa jana hadi safari ya kwanza ya kupandwa, huchukua siku 17 au 18. Kwa hiyo madume lazima wawe njiani wiki tatu hivi kabla ya kuhamisha majana. Weka sega la madume, au fremu tupu yenye ukanda mwembamba tu wa nta juu ili wajenge wenyewe, pembeni mwa majana katika kila mzinga wa baba uliouchagua, na uwape maji ya sukari na chavua kama msimu umekauka. Ishara rahisi: ukifungua seli za madume na kukuta pupa wenye macho ya zambarau, anza kuhamisha majana. Mizinga yenye utitiri wengi ikate masega yake ya madume kabla hawajatoka. Unapunguza baba wabaya na utitiri kwa wakati mmoja, kwa kuwa utitiri hupendelea seli za madume.

Kazi ya kuhamisha

Siku nne kabla, mpe mama sega tupu lililokwisha kutumika kwa majana mara moja au mbili. Sega jeupe kabisa ni laini mno na kijiko kinalitoboa. Mfungie malkia juu ya sega hilo ndani ya kitalu cha kizuia malkia, ule wavu unaopitisha vibarua na kumzuia malkia, kwa saa 24, kisha mwachie huru na uliache sega humo humo. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu; siku ya nne utakuwa na majana ya umri wa chini ya saa 24, yote ya rika moja. Bila kitalu utalazimika kukisia umri kwa macho, na macho huvutwa na majana makubwa kwa sababu yanashikika. Jana lililopita saa 24 litatoa malkia, lakini malkia huyo atakuwa na ovari ndogo na hatadumu.

Mzinga wa kuanzishia uandae siku hiyo hiyo asubuhi. Unachohitaji ni umati wa nyuki wachanga, walezi, wasio na malkia na wasio na jana lolote la kulea. Kwenye boksi la fremu tano weka fremu mbili za asali na maji ya maua, fremu mbili zenye chavua mbichi, acha nafasi katikati, kisha kung'utia humo nyuki kutoka fremu tano au sita za majana yasiyofunikwa kutoka mizinga yenye nguvu. Kilo mbili za nyuki zinatosha. Boksi liwe na sakafu ya wavu, lifungwe, liwekwe kivulini penye ubaridi na sponji lenye maji. Kwa nyuki wetu napendelea boksi lililofungwa kuliko mzinga ulio wazi: hawahami, na unaweza kufanya kazi bila kushambuliwa. Baada ya saa mbili hivi utasikia muungurumo wa nyuki waliokosa malkia. Hapo wako tayari.

Hamisha ndani ya chumba au hema, upepo usiwepo, jua lisigonge sega. Kitaulo chenye unyevu kiwe juu ya vikombe ambavyo havijajazwa na vilivyokwisha kujazwa. Taa ya kichwani ni bora kuliko kuinua sega dirishani. Tafuta jana ambalo halijazidi sana ukubwa wa yai, limejikunja kidogo, likielea juu ya maziwa ya malkia, yaani chakula cheupe wanachotoa walezi. Pitisha ncha ya kijiko nyuma ya mgongo wake, lichote pamoja na maziwa yake kwa mwendo mmoja, na ulilaze kikombeni kwa upande ule ule lilivyokuwa. Jana hupumua kwa upande wa juu. Ukiligeuza linazama na kufa. Ukiligusa mara mbili, liache, chukua jingine. Vikombe 20 hadi 24 vijazwe ndani ya robo saa, kisha fremu iingie boksini mara moja.

Kesho yake chungulia. Kikombe kilichokubaliwa kina shada la nta mpya ukingoni na dimbwi jeupe la maziwa. Chini ya nusu vikikubaliwa, sababu huwa moja ya hizi: majana yalikauka au yalikuwa makubwa, walezi walikuwa wachache, chavua haikuwepo, au kuna malkia kijana aliyejificha boksini. Hiyo ya mwisho ni ya kutazamwa kwanza ikiwa havikukubaliwa hata kimoja.

Saa 24 zikitimia, hamishia fremu kwenye mzinga wa kumalizia: mzinga wa boksi mbili wenye nguvu, malkia chini ya kizuia malkia, na juu yake fremu za majana yasiyofunikwa ulizopandisha ili ziwavute walezi, fremu ya vikombe ikiwa katikati yao na sega la chavua jirani. Mpe maji ya sukari, sehemu moja sukari na moja maji, kila jioni, nusu lita, hata kama maua yapo. Siku ya pili kagua fremu za majana zilizoko juu na uvunje seli yoyote ya malkia waliyoianzisha wenyewe. Ukiiruka moja, malkia wake atatoka kabla ya wako na kuziangamiza zote kwa siku moja.

Siku ya tano vikombe vimefunikwa. Kuanzia hapo hadi siku ya nane usivitikise, usivigeuze, usivilaze. Pupa ni laini, na malkia wanaotoka na mabawa yaliyopinda mara nyingi wameharibiwa na mikono katika siku hizo.

Malkia wa Ulaya hutoka siku ya 12 tangu kuhamishwa, na miongozo husema hamishia seli kwenye vimzinga vya kupandishia (vimeelezwa hapa chini) siku ya 10. Nyuki wa savana hukua haraka zaidi, karibu siku nzima. Kwao hamisha siku ya 9. Mfugaji anayefuata kalenda ya Ulaya hapa kwetu siku moja atafungua mzinga na kukuta malkia mmoja anatembea na seli zote zimetobolewa ubavuni.

Vimzinga vya kupandishia

Visanduku vidogo vya povu vinavyotumia kikombe kimoja cha nyuki ni vizuri kwa nyuki wa Ulaya. Wetu huvihama. Tumia boksi la fremu tatu za kawaida: moja yenye pupa na majana kidogo yasiyofunikwa, moja ya asali na chavua, moja tupu iliyojengwa. Majana ndiyo yanayowashikilia wasihame. Jaza nyuki wa kufunika fremu mbili na uongeze waliokung'utwa kutoka fremu moja zaidi, kwa sababu wazee watarudi kwao. Fanya hivyo siku moja kabla ya kuingiza seli. Seli izungushie ubavuni karatasi ya alumini, ncha ikibaki wazi. Vibarua wasioitaka huichana ubavuni, huku malkia hutokea nchani.

Milango iwe ya kupita nyuki wawili tu, kwa sababu ya nyuki wezi kutoka mizinga mingine. Vimzinga viwe mita mbili au tatu kutoka kimoja hadi kingine, vikielekea pande tofauti, kila kimoja na alama ya rangi mlangoni, ili malkia anayerudi asikosee nyumba. Vining'inize kwa waya uliopakwa grisi, au miguu ya stendi iwe ndani ya makopo ya oili chafu: siafu huvimaliza kwa usiku mmoja, na nyegere hawezi kukifikia kilichoning'inia vizuri. Msimu wa keremkerem wengi ni bora kuahirisha. Ndege hao huwadaka malkia angani, na hakuna kifaa cha kuwazuia.

Malkia huruka kupandwa akiwa na umri wa siku tano hadi kumi, kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Usifungue kimzinga kipindi hicho. Tazama mayai wiki mbili hadi tatu baada ya kuingiza seli. Yai moja katikati ya kitako cha kila seli ni dalili nzuri. Mayai mengi ndani ya seli moja, yamebandikwa ukutani, ni ya vibarua wanaotaga, na kimzinga hicho kivunjwe. Mwache malkia atage mpaka pupa wa kwanza wafunikwe ndipo umhamishe. Mtie alama mgongoni kwa rangi ya mwaka: nyeupe kwa miaka inayoishia na 1 au 6, njano 2 au 7, nyekundu 3 au 8, kijani 4 au 9, bluu 5 au 0.

Kumwingiza malkia mgeni kwenye kundi kubwa la nyuki wetu ni kazi ya hasara. Kinachofaa zaidi ni kumtoa malkia wa zamani, kusubiri siku moja, kisha kuingiza seli iliyokomaa, au kukikuza kimzinga chenyewe kwa kukiongezea fremu za pupa mpaka kiwe mzinga kamili.

Kuwapima binti

Vibarua waliomo siku ya kwanza ni wa malkia wa zamani, na wataendelea kuwepo kwa wiki sita hadi nane. Hesabu yoyote ya utitiri kabla ya hapo haimhusu malkia mpya. Anza kupima wiki ya 10, rudia wiki ya 18 au 20, na uandike kwa jina la mama: binti wanane wa mama fulani, wangapi wamebaki chini, wangapi wamepanda. Mama anayezaa binti wanaolingana ana thamani kuliko mama ambaye mzinga wake mwenyewe ni mzuri lakini binti wametawanyika.

Wasomaji wanaofuga Ulaya na Marekani Kaskazini wana jukumu la ziada. Kwao utitiri watatu kwa nyuki 100 ni alama ya kuchukua hatua. Mzinga uliovuka hapo utibiwe na ubadilishwe malkia. Ukiachwa ufe, nyuki wa jirani wataiba asali yake na kurudi na utitiri wote. Hapa kwetu, kwenye manzuki ya kuchagulia, usitie dawa ya utitiri hata kidogo, maana dawa huficha tofauti unayoitafuta. Mzinga ulioshindwa mbadilishie malkia.

Mama aliyethibitika usimwache kwenye mzinga wa uzalishaji. Mhamishie kwenye boksi la fremu tano, na kila baada ya wiki mbili ondoa fremu moja ya pupa uweke iliyo tupu. Hapo atataga kidogo, nyuki hawatapata sababu ya kugawanyika, na fremu unazoziondoa zitatosha kuimarisha vimzinga vya binti zake.